Poda ya Dhahabu na Dole la Kinyozi

Kopo lenyewe lilikuwa dogo la kutoshea kiganjani, lakini Mama Kadi alilibeba kutoka dukani kama mtu aliyebeba yai. Alikuwa anatembea huku anatabasamu peke yake, na mtu mzima akitabasamu peke yake barabarani watu humpisha, maana hawajui limempata jambo gani. Lililompata ni poda. Poda ya dhahabu, laini, ile ambayo ukiinyunyiza juu ya wino unaonata kisha ukaipasha moto, inayeyuka, inavimba, na maandishi yanasimama juu ya karatasi mpaka unaweza kuyapapasa umefumba macho!

Jina la Mama Kadi hakujipa mwenyewe. Alipewa na mtaa, kwa sababu meza ya sebuleni kwake haikuwahi kuandaliwa chakula hata siku moja. Ilikuwa ya kadi. Kadi za harusi, za pole, za kuzaliwa, zote alizikata kwa nyembe zilizochoka kazini kwa mumewe na kuzipiga mihuri aliyoichonga kwa raba za shule. Zilikuwa kadi nzuri, asikudanganye mtu. Ila zilikuwa bapa. Mwenyewe alikuwa anazitazama, anazigeuza mwangani, kisha anasonya. "Zimelala," alikuwa anasema. "Nataka zisimame."

Na safari hii zilitakiwa zisimame kuliko siku zote, kwa sababu kadi zilikuwa za mwanawe.

Binti yao mmoja, waliyemwita Kitana, kesho yake alikuwa anafungua saluni yake ya kunyolea, mtaa uleule, upande wa pili wa barabara, mkabala kabisa na saluni ya baba yake. Hapo ndipo penye kidonda. Baba yake alikuwa kinyozi, na kinyozi hasa, si wa kubahatisha. Yeye ndiye aliyempa binti jina la Kitana, kwa sababu tangu anaanza kutembea alikuwa haachi kitana mkononi. Yeye ndiye aliyemfundisha kazi, na alimfundishia kichwani kwake mwenyewe. Mtoto alikuwa anapanda juu ya kreti ya soda, ananyoosha mkono, hafiki, anamwambia, "Inamisha kichwa, baba, sifiki." Na baba anainamisha. Siku za mwanzo Kinyozi alikuwa anakwenda kazini kichwa kina viraka kama shamba lililoliwa na mbuzi, na mteja akicheka anaambiwa, "Cheka tu. Huyo atakuja kukunyoa wewe na wajukuu zako."

Tangu hapo hakuna mkono mwingine uliogusa kichwa cha Kinyozi. Binti alipokua, baba akanunua kiti cha pili, chekundu, kile cha kuzunguka, akakiweka pembeni ya chake. Hakumwambia mtu ni cha nani. Nani asiyejua? Na siku alipokuwa anakipangusa kwa mara ya kwanza, ndiyo siku Kitana alipokuja kumwambia kwamba amepata chumba ng'ambo ya barabara na anataka kuwa na saluni yake.

Kinyozi hakugomba. Heri angegomba! Alichukua shuka, akakifunika kile kiti, akaendelea kumnyoa mteja. Basi. Baba na binti wakaanza kusalimiana kama watu waliokutana kituo cha basi.

Na nywele je? Nywele hazijui kununa, zenyewe zinaota. Kinyozi akafuga kichaka. Mafundi wenzake wako wengi, lakini hakwenda kwa yeyote. Wateja wakapata pa kuchekea. "Mzee," mwalimu mmoja mstaafu, mteja wake wa miaka yote, alimwambia, "unatupunguzia sisi nyasi, wewe mwenyewe umefuga msitu?"

"Kinyozi hajinyoi," akajibu, mkavu. "Hata hilo hukufundisha darasani?"

"Nimelifundisha sana. Lakini hakuna palipoandikwa kwamba hanyolewi."

Kinyozi akakaza mashine mpaka mwalimu akanyamaza.

Mama Kadi ndiye aliyekuwa katikati. Kitana alipomletea majina ya waalikwa, aliyasoma mara mbili, akavua miwani. "Mbona simwoni baba yako?"

"Mama, akiikataa kadi mbele ya wateja wake mimi nitasimama wapi? Mlango wangu anauona kila akiinua macho. Akitaka kuja, atakuja."

Alipokwenda upande wa pili, kwa mumewe, akapata hivi: "Mimi sina kadi yenye jina langu. Mtu mzima haendi kwenye shughuli kama inzi, kwa kunusa."

Huyu anangoja kadi, yule anangoja miguu. Mama Kadi alikuwa tayari kuwafungia wote wawili chooni mpaka wapatane, lakini choo chenyewe kilikuwa hakina komeo. Alitaka kitu kimoja tu kesho yake: kumwona mume wake anavuka ile barabara. Asipovuka siku ya kwanza, alijua, hatavuka tena. Alimjua mtu wake. Kumwandikia kadi kwa siri alifikiria, tena sana. Lakini kadi ya binti ikiandikwa na mama si mwaliko, ni usuluhishi, na usuluhishi Kinyozi alikuwa anaunusa toka mbali.

Basi akaweka moyo wake wote kwenye kadi. Alikwisha kuzikata, akazikunja, akaandika ndani jina la kila mwalikwa kwa mwandiko wake wa madaha, akazipanga kwenye boksi la biskuti juu ya meza. Nje ya kila kadi aliacha peupe, pakiisubiri poda.

Siku hiyo alipofika nyumbani na kopo lake, alikuta sahani imeoshwa imegeuzwa. Kinyozi amekwisha kuja, amekula, amerudi kazini. Vizuri. Leo hakutaka mtu wa kumwuliza maswali.

Muuza duka alimwelekeza mambo mawili. La kwanza, karatasi ipanguswe kwa poda ya mtoto kabla ya muhuri, maana poda ya dhahabu haichagui: inaganda kwenye wino, lakini inaganda pia kwenye jasho na mafuta ya mikono. La pili, moto uwe mkali na usiwe na upepo. Mama Kadi aliitikia yote. Kisha akaenda moja kwa moja akachukua draya ya nywele.

Alikipangusa kipande cha majaribio, akapiga muhuri, akanyunyiza, akakung'uta. Kitana cha dhahabu kikabaki juu ya karatasi, kila jino mahali pake. "We!" akasema, ingawa alikuwa peke yake. Akawasha draya.

Jamani. Poda yote ikaruka. Ikamwingia puani, ikamkaa kwenye nyusi, ikatua juu ya redio na juu ya picha ya harusi yao ukutani. Kwenye karatasi hakikubaki hata jino moja. Mama Kadi alipiga chafya mpaka machozi, akajitazama kwenye kioo, akaona bibi harusi wa pili. Akacheka peke yake hadi akakaa chini.

"Haya," akasema. "Upepo hapana. Moto mkali. Moto mkali usio na upepo ni nini humu ndani?" Macho yakatua kwenye pasi.

Akaigeuza pasi tumbo juu, akaibana katikati ya vitabu viwili vinene, akasubiri ipate moto. Akachukua kadi tupu moja ya ziada, iliyokuwa nje ya boksi, akapiga muhuri, akanyunyiza, akaishikilia kwa juu kidogo, bila kugusa. Mwanzo hakuna kitu. Poda imekaa vilevile, kavu, kama mchanga. Akaanza kukata tamaa. Mara pembeni pakameta! Chembechembe zikaanza kulainika, zikashikana, na ule umeto ukatembea kutoka jino hadi jino, polepole, kama mtu anayewasha taa chumba baada ya chumba, mpaka kitana kizima kikasimama kinang'aa, kimevimba, kimekuwa kitu.

Mama Kadi alipiga kelele. Jirani akauliza dirishani kama kuna nyoka. "Hakuna nyoka, mama! Imesimama! Imesimama!" Jirani akasema alhamdulillahi bila kujua anashukuru nini, akarudi kwenye nguo zake.

Nani sasa angekumbuka poda ya mtoto? Furaha ilimpanda kichwani, mikono ikawa inakwenda yenyewe. Alitoa kadi moja moja kwenye boksi: muhuri wa kitana, chini yake muhuri wa jina la saluni, KITANA, nyunyiza, kung'uta, pasha. Nyunyiza, kung'uta, pasha. Anaimba, anazikosea nyimbo, anajisahihisha. Alikuwa anaona kijitone cha dhahabu kinabaki pale kwenye kona ya chini, mkono wa kulia, lakini kila mara alijiambia ni kichafuko tu, nitakikwangua baadaye. Kadi zikawa zinajipanga mezani kupoa, na sebule yote inameta.

Alipomaliza ya mwisho akasimama nyuma, mikono kiunoni, azitazame zote kwa pamoja. Ndipo tabasamu lilipokatika.

Kile kijitone hakikuwa kwenye kadi moja, wala mbili. Kilikuwa kwenye kadi zote. Kona ileile, upande uleule. Akainua moja, akaipeleka dirishani. Kilikuwa dole gumba. Dole gumba kubwa la dhahabu, limesimama, mistari yake yote inahesabika.

"Nitamuua mtu leo!" Karatasi nyingine hana, duka liko mbali, kadi zinatakiwa zigawiwe kabla ya jioni. Akajaribu kukwangua moja kwa ukucha, ikatoka na ngozi ya karatasi. Alitaka kulia. Nani mwenye mikono ya mafuta kiasi hiki, aingie nyumbani mwa watu, ashikeshike kadi za...

Akairudisha kadi mwangani.

Humo ndani alikuwa ameingia mtu mmoja tu. Mtu anayeshinda na mafuta ya nywele mikononi, hata aoge vipi, mto wake unanukia saluni. Mama Kadi akaivaa miwani vizuri. Katikati ya lile dole ulipita mstari mtupu, wa mshazari, ambao poda haikushika. Kovu. Wembe ulimkata Kinyozi dole gumba la kulia kabla hawajaoana. Damu ilipokataa kukatika, aliyemfunga kitambaa alikuwa yeye.

Sasa akaanza kuwaza. Kuitazama tu kadi kwa nje hakuhitaji kuigusa, maana nje palikuwa peupe, hapana kitu. Unashika kona ya chini hivi, kwa dole gumba, ukiwa unaifungua. Na kwa nini ufungue? Ndani kuna nini? Ndani kuna jina la mwalikwa tu.

Akajaribu kwa mkono wake. Akashika, akafungua, akasoma jina. Dole lake lilikaa juu ya lile la mumewe, palepale.

Kinyozi alikuwa amefungua kadi ya kwanza. Hakujiona. Akafungua ya pili. Akaenda hivyo boksi zima, mpaka ya mwisho, mzee na kichaka chake, amesimama peke yake sebuleni, anatafuta jina lake. Halafu akaosha sahani, akarudi kazini.

Mama Kadi alikaa kwenye kiti. Machozi yalimtoka, na kicheko nacho kikamtoka, havikupangana zamu. Kisha akaruka kama kijana, akanyakua simu.

"Njoo nyumbani."

"Mama, niko juu ya ngazi, napaka rangi..."

"Shuka kwenye ngazi! Njoo sasa hivi!"

Kitana aliingia anahema, rangi imemfika kwenye kiwiko, akidhani kuna mgonjwa. Mama yake alimshika bega, akamgeuza. Alimwonyesha meza. Binti akazishangilia kwanza, "Mama! Zimesimama kweli!" kisha akaiona kona. Akachukua moja. Akachukua nyingine, na nyingine. Alilipapasa lile dole kwa ncha ya kidole, akafika kwenye kovu, mkono ukasita hapo.

"Baba," akasema.

"Ndiyo. Alikuja kula. Mimi sikuwepo. Alifungua zote."

"Zote?"

"Hadi ya mwisho, mwanangu. Iangalie mwenyewe."

Kitana aliiangalia ya mwisho. Alikuwa mtoto wa kiume kwa ukaidi, ndivyo baba yake alivyokuwa anamsifu, lakini pale uso ulimbadilika ukawa wa yule wa kwenye kreti ya soda. "Na mimi nilifikiri hataki," akasema. "Mama, mimi nilidhani hataki kabisa."

"Nyinyi wawili mna kichwa kimoja, mmegawana tu nywele. Sasa kuna ile kadi ya majaribio, imebaki. Mimi siiandiki. Shika kalamu."

Kitana akaandika jina la baba yake kwa mkono wake, herufi zimepinda, kwa sababu mwandiko mzuri hakurithi. Akataka kuifunga. Kisha akaifungua tena, akaitazama kona ya chini, tupu, safi. "Mafuta ya nywele yako wapi?"

Mama yake akaelewa palepale. "Kidole kimoja hakivunji chawa," akasema, na akakimbilia kabatini.

Binti alichovya dole gumba, akaligandamiza kwenye kona. Mama akanyunyiza poda, akakung'uta. Wakainama wote wawili juu ya pasi, kichwa kwa kichwa, wakabana pumzi wakati umeto unatembea kwenye mistari. Likasimama. Dole la Kitana, dogo kidogo kuliko la baba yake, halina kovu, lakini ule mzunguko wa katikati ni uleule kama wameazimana.

Walivuka barabara pamoja hadi saluni ya Kinyozi. Kinyozi alikuwa na mwalimu mstaafu kitini, shuka shingoni, upande mmoja umeshanyolewa. Akamwona binti kwenye kioo kabla hajageuka. Mashine ikazimwa.

"Shikamoo baba."

"Marahaba."

"Nimekuletea kadi."

Kinyozi akaitazama ile kadi iliyonyooshwa. Watu kwenye benchi waliacha gazeti. Mama Kadi, mlangoni, alikuwa ameshika ubao wa mlango mpaka vidole vinauma.

"Mikono yangu ina mafuta," akasema mzee. "Nitaichafua."

"Najua ina mafuta, baba. Tumeyaona. Kadi zangu zote zina dole lako."

Kinyozi alisimama kama mtu aliyefumaniwa. Akamtupia mkewe jicho. Mkewe akatazama dari. Mwalimu, nusu kichwa, akawa anageuza shingo huku na huku atafsiriwe. Hatimaye mzee akaipokea. Aliifungua kama alivyozifungua zile nyingine, na safari hii jina lilikuwepo. Dole lake lilikuwa limeangukia juu ya kitu kilichoinuka. Akaifunga, akatazama, akalipapasa lile dole la dhahabu mara moja, mara mbili. Hakusema asante. Alisema, "Saa ngapi hiyo kesho?"

"Saa nne."

"Hm," akasema, akaiweka kadi mbele ya kioo, karibu na mashine, akarudi kwa mwalimu. Lakini Mama Kadi alimwona, kwenye kioo, namna alivyoisogeza kadi isiangukiwe na nywele.

Kadi ziligawiwa jioni hiyo zikiwa na dole lake, bila kukwanguliwa hata moja. Walioulizia waliambiwa ni muhuri wa fundi.

Kesho yake saa nne, mlango mpya umejaa watu na wa kwanza kuingia hajulikani. Ndani kulikuwa na kioo kizuri, mashine mpya, na kiti cha plastiki alichoazima Kitana kwa jirani, maana kiti cha maana hakukiweza. Mama Kadi alikuwa haangalii kioo wala mashine. Alikuwa anaangalia ng'ambo. Saluni ya mumewe imefungwa. Haikuwahi kufungwa saa hiyo hata siku ya mvua ya mawe. Saa nne ikapita. Moyo ukaanza kumshuka.

"Pisheni! Pisheni jamani, msikanyagwe!"

Alikuwa mwalimu mstaafu, kichwa kimekamilika pande zote, anavuta mkokoteni. Nyuma yake anasukuma Kinyozi, shati limepigwa pasi, kichaka kimechanwa kikachongoka kama taji. Juu ya mkokoteni kuna kitu kimefunikwa shuka. Wakavuka barabara magari yanasubiri, honi zinalia, Kinyozi hana habari nazo. Mama Kadi alipiga kigelegele kabla hajajua anakipiga.

Walikishusha kile kitu mpaka mbele ya kioo. Mzee akavuta shuka. Kiti chekundu, kile cha kuzunguka, hakijawahi kukaliwa.

"Kilikuwa chako tangu nakinunua," akamwambia binti yake. "Mimi ndiye niliyekosea kuchagua chumba cha kukiweka."

Halafu, mbele ya mtaa mzima, akakaa yeye mwenyewe. Akaikunja kola ya shati ndani.

Kitana akamfunga shuka shingoni. Akawasha mashine, ikanguruma, akaizima kwanza, akafuta macho kwa kiwiko chenye rangi. Alikuwa mtu mzima sasa, mrefu kama mama yake, na kichwa cha baba yake kilikuwa chini kabisa ya mikono yake.

"Inamisha kichwa, baba," akasema. "Sifiki."

Mzee akainamisha.